Operesheni Isiyo na Kisu

Mamangu aliposikia nimeitwa Nairobi kwa mahojiano ya kazi ya operesheni, alikaa kitako mkekani akashika tama. "Mwanangu, wewe si umesomea biashara? Kisu utakishikaje?" Nikamwambia hii si operesheni ya hospitali. Jirani yetu, aliyekuwa kibarazani akisuka ukili, akadakia: basi ni ile ya polisi, ya kuwazoa vijana maskani. Nikasema hapana, ni ya benki. Wote wawili wakashusha pumzi, na kabla sijafunga kinywa jirani alikwisha kuuliza mkopo wao riba ngapi.

Taabu yangu ilianzia hapo. Kutafuta kazi ni shughuli moja. Kuwaeleza watu wa Mombasa ni kazi gani unayoitafuta ni shughuli ya pili, na hiyo haina mshahara hata ukiipata. Maana benki yenyewe ni ya uwekezaji. Haina foleni, haina keshia, haina hata ile kalamu iliyofungwa kwa uzi ili usiibe. Inanunua na kuuza hisa na hati fungani kwa niaba ya wenye fedha zao, inazishauri kampuni zinazotafuta mtaji, kisha inakata ada yake. Cheo nilichokiomba ni mchambuzi wa shughuli, mtu wa nyuma ya pazia. Wale wa mbele, wenye suti za kubana na simu mbili mbili, wakishaelewana na mteja, huyo mchambuzi ndiye wa kuhakikisha kilichonunuliwa kimemfikia mnunuzi na pesa zimemfikia muuzaji, shilingi kwa shilingi. Ni kama mpishi wa harusi. Biriani likiwa tamu, husifiwa bwana harusi. Likiungua, huulizwa mpishi yuko wapi.

Nilimweleza hayo Shangazi, mwenye kibanda cha M-Pesa kule Majengo. Akanisikiliza huku akihesabu noti, mwishowe akasema, "Kumbe ni hii kazi yangu." Nikacheka. Nilicheka kicheko cha mtu mwenye shahada. Kikumbukeni kicheko hicho, kitanirudia.

Kabla sijaitwa Nairobi, benki kwanza ilitaka makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, cha shule ya msingi, cha sekondari, cha chuo. Cheti cha polisi kwamba tabia yangu ni njema. Barua ya watoza kodi kwamba sidaiwi, ya wale wanaoweka rekodi za madeni kwamba sijamkimbia mtu, na ya bodi ya mikopo ya wanafunzi kwamba ninaulipa mkopo wa chuo. Ninaulipa kwa nini? Nilikuwa nimekuja kutafuta hicho cha kulipia. Ni kumwambia mtu avuke Likoni kwanza, mtumbwi atapewa akifika ng'ambo.

Baada ya makaratasi ukaja mtihani wa kompyuta. Nusu ilikuwa hesabu, na hesabu sikuziogopa. Nusu ya pili ilikuwa michoro: mduara ndani ya pembetatu, pembetatu inageuka, nukta inahama, haya sema umbo gani linafuata. Nilikaa nikaitazama ile nukta kwa huruma. Tangu nizaliwe sijaona hati fungani ikijigeuza pembetatu. Nikabahatisha, nikapita, na nikapoteza kabisa heshima yangu kwa mtihani.

Hatua ya tatu ni ya mahojiano na mashine. Sikilizeni vizuri: hakuna mtu. Unakaa mbele ya kompyuta, swali linatokea, unapewa nusu dakika ya kuwaza, kisha kitaa chekundu kinawaka na wewe unazungumza na sura yako mwenyewe kwa dakika mbili. Nilijitayarisha chumbani. Juu shati jeupe na tai, chini kikoi, kwa kuwa mashine haioni chini. Maswali mawili ya mwanzo yakaenda vizuri. La tatu likauliza nguvu zangu kama mfanyakazi zinatokana na nini. Nikatoa sauti ya redioni: "Nguvu zangu, kwa hakika, zinatokana na..."

Nje dirishani, kwa mapafu yote aliyojaliwa na Mola: "Pwezaaa! Pweza wa moto!"

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Msomaji wa bara amwulize rafiki yake wa pwani, wakiwa wawili tu. Mimi nilinyamaza, muuza pweza akarudia, kitaa kikazima. Siku nne baadaye nikaandikiwa barua pepe kwamba majibu yangu yameonyesha uhalisia, na ninaombwa nifike Nairobi, ana kwa ana.

Mkesha wa safari nilisoma kama mtoto wa madrasa anayengoja kusikilizwa. Nilisoma habari za Barings, benki ya London iliyoanzishwa 1762 na kuanguka 1995. Kijana wao wa Singapore, Nick Leeson, alikuwa akifanya biashara sokoni na papo hapo ndiye aliyewasimamia wanaoandika na kukamilisha biashara hizo. Fisi alikabidhiwa bucha, akaongezewa na daftari la bucha. Hasara zake akazificha kwenye akaunti nambari 88888 mpaka zikapita pauni milioni 800, na benki ya zaidi ya miaka mia mbili ikanunuliwa na ING kwa pauni moja. Pauni moja! Kwa bei hiyo hata mimi ningeinunua, nijiajiri mwenyewe bila mahojiano.

Nilisoma na habari za Citibank. Agosti 2020 walikusudia kupeleka riba ya dola kama milioni 8 kwa waliokuwa wameikopesha kampuni ya vipodozi ya Revlon. Kwenye skrini kulikuwa na visanduku vya kuwekea alama. Vingine havikuwekwa, zikaondoka karibu dola milioni 900. Na si kwamba hapakuwa na mtazamaji. Utaratibu wao ulidai watu watatu waidhinishe, yaani macho sita, na yote sita yalitazama yakaona sawa. Baadhi ya waliopokea wakagoma kurudisha, kesi ikaendelea hadi 2022. Sisi huku, ukimtumia pesa kwa makosa mtu usiyemjua, unaupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 na kuomba dua asiwe amezitoa. Nilivyosoma, wao hawakuwa na 456.

Basi nikapanda treni Miritini, shilingi 1,500 daraja la kawaida, na suti ya kuazima nikaitundika dirishani kama abiria wa heshima. Suti ilikuwa ya binamu, ametoka kuoa nayo, na ilikuwa bado inanukia udi. Sikulijali hilo mpaka asubuhi ya pili, nilipoingia kwenye lifti ya jumba refu la vioo kule Upper Hill, katikati ya baridi ya Julai ya Nairobi, baridi isiyo na adabu. Watu saba walinusa kwa zamu. Mmoja akanitazama viatu, labda akitafuta hina.

Kwenye mlango wa benki askari alinipokea vyema. "Boss, unaona nani?" Nikasema nina mahojiano saa tatu. Akanipa daftari niandike jina, nambari ya kitambulisho, saa ya kuingia, na sahihi. Kisha akachukua kitambulisho, akanipa kadi ya mgeni. Daftari safi, mistari imenyooka, hakuna iliyofutwa. Nikajiambia, hapa kuna nidhamu ya kumbukumbu. Nidhamu yenyewe, nilikuja kugundua, iliishia pale mlangoni. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Tulikuwa wanne kwenye viti vya ngozi. Mmoja alikuwa amekwisha kuvuka hatua mbili za CFA, mtihani wa wachambuzi wa fedha, na alituambia hivyo kabla hajatuambia jina. Mwingine alisema na simu kwa Kizungu cha puani, na nina hakika upande wa pili hapakuwa na mtu. Nilikunywa maji mara tatu, nikaenda msalani mara tatu, yaani angalau hesabu hiyo ililingana.

Saa tano na dakika ishirini nikaitwa. Ndani walikuwa watatu. Macho sita, nikakumbuka, nikaomba dua. Bibi mmoja wa rasilimali watu, mwenye tabasamu lililopigwa pasi. Bwana mmoja wa makamo, miwani imeteremka puani, ndiye mkuu wa shughuli. Na kijana aliyekuwa akichapa kila neno bila kuinua kichwa. Hata nilipokohoa, alichapa.

"Hebu tuambie, wewe ni nani?" akaanza bibi. Wasifu wangu uko mbele yake, kurasa mbili, jina langu juu kwa herufi nene. Nikamwambia mimi ni nani. "Na kwa nini umeichagua benki yetu?" Jibu la haki ni kwamba niliziandikia kumi na moja na hii ndiyo iliyojibu. Nikasema maadili yao yanawiana na yangu. Maadili hayo nilikuwa nimeyasoma ukutani, mkabala wa msala, mara zote tatu.

"Baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

Jamani. Kwetu ukimwuliza mtu habari za kesho, anakwambia inshallah, na kwa inshallah hiyo amekwisha sema yote aliyo na mamlaka nayo. Miaka mitano! Mimi hata jioni hiyo nilikuwa sijui nitajiona wapi, kwa sababu binamu yangu wa Umoja, niliyekuwa nimelala kwake, alikuwa ameondoka na ufunguo. Nikasema najiona nikiongoza timu. Kijana akachapa. Bibi akauliza udhaifu wangu. Nikasema hujituma kupita kiasi. Sote wanne tulijua ni uongo, na sote tukatikisa kichwa kwa heshima, kama watu waliopeana shikamoo.

Kisha likaja swali kwamba nikadirie Nairobi ina matatu ngapi. Nikauliza, "Zinazobeba abiria kumi na wanne, au zilizoandikwa kumi na wanne?" Bwana wa miwani akakohoa. Nadhani kilikuwa kicheko kikitafuta njia. Akaivuta karatasi yake, na kwa mara ya kwanza tangu niiombe kazi hiyo mwezi Mei nikaulizwa jambo linalohusu kazi.

"Mteja amenunua hisa leo. Nipe maisha ya muamala huo mpaka mwisho."

Nikampa. Mteja anatoa agizo, dalali analipeleka sokoni, anayeuza na anayenunua wanakutana kwa bei. Kuanzia hapo hakuna tena kelele, kuna kuandika. Pande zote mbili zinalinganisha: jina, idadi, bei, tarehe. Siku ya tatu ya kazi baada ya biashara, hisa zinahama akaunti hii kwenda ile na pesa zinahama kinyume chake. Hisa zenyewe hazishikiki, tangu 2004 ziko katika hifadhi kuu kama maandishi ya kompyuta. "Marekani nao?" akauliza. Siku moja, nikasema, tangu tarehe 28 Mei 2024, zamani ilikuwa mbili. "Faida ya kuharakisha?" Nikasema kila usiku muamala unaolala njiani ni usiku ambao mmoja wao anaweza kufilisika kabla hajatimiza ahadi. Akainua miwani.

"Sasa siku imefika, daftari lako na la kwao hayalingani. Unaanzia wapi?"

Hapo nikakauka. Kila nilichokisoma kikapeperuka, nikabaki na udi. Na katika ule ukimya, nikamwona Shangazi. Namwona kila jioni baada ya isha, kibanda kimefungwa nusu, kanga kichwani, taa ya betri juu ya kopo la maziwa. Anahesabu noti za kwenye droo. Anatazama salio la kwenye simu. Anajumlisha. Jumla hiyo haina ruhusa ya kubadilika: mtaji wake ni shilingi 80,000, na kila jioni droo na simu pamoja lazima zisome 80,000, hata kama mchana droo ilikauka na simu ikajaa. Usiku mmoja zilipungua 900. Mimi nilikuwa tayari kumshuku kijana anayemsaidia. Shangazi hakumshuku mtu. Alisema, "Upungufu ukigawika kwa tisa, tafuta namba iliyopinduka." Akafungua daftari kuanzia mstari wa mwisho kurudi juu, kidole kwenye daftari, jicho kwenye ujumbe wa simu, mmoja mmoja. Mstari wa kumi na saba: simu inasema muuza nazi ametoa 4,500, daftari linasema 5,400, na muuza nazi amepewa za daftari. Asubuhi yake alizileta mwenyewe, na nazi mbili juu.

Nikawaeleza hivyo hivyo. Kwamba kwanza sishuku mtu, nashuku mstari. Kwamba naanzia mahali pa mwisho palipolingana. Kwamba tofauti yenyewe husema ilikotoka, ukiisikiliza: ikigawika kwa tisa huenda tarakimu zimebadilishana nafasi, ikiwa ni maradufu ya kiasi fulani huenda kiasi hicho kimeandikwa upande usio wake. Na kwamba nikikosa kuipata kabla ya kufunga, namwambia mkubwa wangu usiku ule ule, siifichi kwenye akaunti yenye namba nzuri. Bwana akaweka kalamu chini.

"Hii ya tisa ulifundishwa chuo gani?"

"Nilifundishwa na Shangazi, bwana."

Kijana wa kuchapa akainua kichwa. Ndiyo mara pekee niliyoyaona macho yake.

Bibi akamalizia kwa lile la mwisho, kama nina swali lolote. Ninalo moja tu tangu nizaliwe: mshahara kiasi gani? Lakini nilikuwa nimeonywa kwamba kuuliza mshahara kwenye mahojiano ya kazi ni utovu wa adabu. Benki nzima inaishi kwa kuuliza bei, ila mimi niulizapo yangu, nimekosa malezi. Nikauliza kuhusu mazingira ya kazi. Akasema, "Hapa sisi ni familia." Nikashukuru. Familia ninayo, na haijawahi kuniambia niigeuze pembetatu. Akanipa mkono, akasema nitapata jibu ndani ya wiki moja, liwalo lolote.

Nikarudi Mombasa na suti yangu dirishani. Siku ya saba nikaweka simu mezani. Siku ya kumi na nne nikaandika barua pepe ya adabu. Ikajibu mashine, labda ile ile ya pweza, kwamba barua yangu imepokelewa na ni muhimu kwao. Siku ya thelathini nikaandika tena, nikawa muhimu tena. Mamangu ameacha kuuliza. Jirani bado anauliza habari za mkopo.

Siku hizi jioni nakaa na Shangazi tukifunga hesabu. Nilimsimulia maswali yote. Lile la miaka mitano lilimsikitisha, alidhani waliniona mgonjwa. Kuhusu kile kicheko changu hakusema kitu. Alinisukumia tu daftari na taa, akasema nianze na mstari wa mwisho. Juzi ndipo aliponiuliza, "Hao watu wako, wao jioni hawafungi?"

Swali hilo nawapelekea wenyewe, wao na wenye ofisi wote wanaoita watu, wakawasafirisha, wakawapitisha hatua nne, kisha wakanyamaza. Muamala ukishindikana, pande zote hupewa taarifa. Salio lisipotosha, simu inakwambia halitoshi, haikuachi umesimama juani. Nyinyi ambao kazi yenu ni kuhakikisha kila kilichofunguliwa kinafungwa, kama jibu ni hapana, semeni hapana. Hatutalia. Tukilia, tutalilia kwetu.

Hisa hukamilika siku ya tatu. Mimi leo ni siku ya sitini na nane, na nauli yangu ya kwenda na kurudi, shilingi 3,000, bado iko kwenye daftari la Shangazi, ukurasa wa zile ambazo hazijalingana.